Transfoma ya Bwawa Iwe Peke Yake

"Toka hapo kwenye swichi! Maua yako yanakufa!"

"Yafe."

"Utafukuzwa kazi wewe mwanaume."

"Wanifukuze. Wewe sugua bwawa lako, niachie ukuta wangu."

Mgeni rasmi, mwenye hoteli yetu, shikamoo na karibu sana. Kelele hizo umezisikia mwenyewe asubuhi ulipopita nyuma ya jiko, ukauliza hao wanagombania nini. Hawagombani. Ni mtu na mkewe. Mume ni mtunza bustani, tunamwita Baba Majani. Mke ndiye anayesafisha bwawa la kuogelea, naye ni Mama Maji. Sisi wenzao tumeona bora tukueleze kwa nini mtu mzima anasimama ukutani kama kalenda.

TULIKOTOKA

Zamani bwawa lilikuwa na transfoma yake, na bustani ilikuwa na yake. Ya bwawa ikaungua. Akaletwa fundi wa haraka haraka, akaunganisha taa za majini, taa za bustani na ile chemchemi ya mapambo, vyote kwenye transfoma ya bustani, swichi moja. Akanywa soda, akaenda zake.

Siku moja Mama Maji yuko ndani ya maji anasugua vigae. Wageni wakafika, mtu wa mapokezi akawasha chemchemi ipendeze. Ikapendeza kweli. Mama Maji akahisi maji yanamng'ata miguu. Akatoka mbio, akacheka: "Jamani, bwawa limeota meno!"

Sisi tukacheka. Baba Majani hakucheka, alijua ule ni umeme. Moyoni alikuwa ameshamzika mke, ameshabaki na nyumba kimya. Akaweka mkasi chini, akaenda kwenye swichi. Tangu hapo mkewe akiingia majini, yeye yuko pale, kiganja kimefunika swichi. Mapokezi wakija kuwasha anawaambia, "Mke wangu yuko ndani." Basi, wanarudi.

Tulimwambia atie kufuli. Akasema, "Kufuli lina ufunguo, na ufunguo atapewa mtu mwenye haraka."

MAFANIKIO

Yapo. Bwawa linang'aa mpaka unaona sarafu chini. Na Mama Maji akitoka majini anampelekea mumewe chai, mikono bado inachuruzika, anamsema huku anampulizia ipoe. Hayo nayo tunayahesabu.

KINACHOTUSUMBUA

Mawaridi ya getini yamekauka. Meneja si mtu mbaya, lakini amechoka. Amemwambia Baba Majani achague: bustani au ukuta. Na sisi tunamjua, atachagua ukuta. Ataondoka hapa bila kazi, halafu nani atasimama pale?

TUNACHOOMBA

Tumesikia leo unachagua transfoma mpya, na kwamba umeipenda ile moja kubwa ya kufanya kila kitu. Tafadhali iache. Kwa bwawa nunua transfoma ya usalama, inayoutenga kabisa umeme wa ukutani na ule unaokwenda majini, itoe volti kumi na mbili tu. Jumlisha wati za taa zote za majini, uongeze nafasi juu yake, isije ikachemka. Ifungwe pakavu, mbali na maji. Ya bustani na chemchemi iwe nyingine, isiyoogopa mvua, na swichi yake. Na safari hii fundi awe fundi, apime kila kitu kabla mtu hajachovya hata kidole.

Viatu vya mpira tutaviomba mwaka mwingine. Mwaka huu ni hili tu.

Mungu akupe jicho la kuchagua vizuri, na kwako kila anayeingia majini atoke salama. Ni sisi, watu wako wa Bustani na Bwawa.

Utusamehe jambo moja. Baba Majani alikuwa kwenye mstari wa kukupa mkono, shati amepiga pasi. Lakini Mama Maji ameshavua kandambili, anaingia kazini. Huyoo, mumewe ameshageuka, anaenda zake kwenye swichi.