Tembo Wasiitwe kwa Fenesi

Sogeeni, wanangu, Zaidi na wewe Zamda, mnisikilize mimi Kibwana baba yenu nikiwa bado na pumzi, maana nawajua, nikishafumba macho mtaanza kuigombea hii kambi ya wageni hata kabla matanga hayajaanuliwa.

Shamba gawaneni mnavyoona. Kambi ni yenu wote wawili, lakini bwawa lililo chini yake si lenu, ni la tembo, walikuwa wakinywa pale kabla babu yangu hajafyeka pori hili la Handeni. Magari yaishie kwenye ule mkwaju, wageni wateremke kwa miguu, wachache, kimya, na kiangazi kikikaza msipeleke mtu kabisa. Mgeni akikosa tembo mwonyesheni nyayo, mpeni chai, aende zake salama.

Zaidi, usiangalie chini. Wewe ndiye uliyeanza kuleta mafenesi kutoka Korogwe na kuyapasua bwawani ili wageni wapige picha kwa karibu, na wewe ndiye uliyemtuma kaka yako Muhidini ayabebe kwa baiskeli. Watu wanasema aliuawa na tembo mwenye wazimu. Wazimu gani? Alifuata harufu mliyomzoesha, akaikuta njiani. Nilipomwosha mwanangu, utomvu wa fenesi uligoma kutoka viganjani, nikausugua kwa mafuta huku nalia. Tangu hapo yule tembo huja kusimama nyuma ya nyumba hii, namsikia akihema ukutani, na akishaondoka nasikia kengele ya baiskeli. Sijapata kuwaambia. Naogopa, wanangu, naogopa sana.

Nizikeni karibu na Muhidini. Zamda, wewe ndiye utakayewaongoza wageni, na neno lako pale bwawani lisipingwe na mtu. Asiwepo tena wa kumwita tembo kwa chakula, awe mgeni, awe ndugu.

Nipeni maji kidogo... basi, yatosha. Leteni mikono niwaombee. Zamda, Mungu akutunze, akupe macho ya kuona mbali na moyo usioyumba. Na wewe Zaidi, mkono... lete mkono. Mbona unanata?

Kumbe kesho kuna wageni.

Nenda kayatupe, mwanangu, popote ulipoyaficha. Kisha paka mafuta, sugua mpaka utomvu utoke wote, ndipo uje nikubariki. Kimbia, Zaidi. Nakusubiri... kimbia.