Chujio Halikimbii

"Regnar, umenipa sindano tena!"

"Sindano gani? Chujio halikimbii, Thyra, subiri tu."

"Halikimbii, ila basi langu linakimbia, mvivu wewe!"

Ndugu waombolezaji, hivyo ndivyo babu na bibi yangu walivyoanza kuzungumza, mwaka 1967, katika kiwanda cha dawa ya maumivu hapa Hobro, babu akipoza dawa iliyoyeyushwa kwenye pipa, bibi akiichuja ghorofa ya chini.

Marehemu Regnar Bach alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 kijijini Valsgård, akasoma hadi darasa la saba, kisha akaingia kiwandani. Siku hizo alifungulia maji baridi kwa pupa ili awahi kahawa, na dawa iliyopozwa kwa pupa huganda kuwa chembe nyembamba kama sindano, zikalaliana juu ya kitambaa cha chujio kama majani yaliyolowa, maji yakakosa pa kupita, bibi akabaki amesimama hadi basi la mwisho limeondoka. Baada ya ugomvi ule babu akaanza kupoza polepole, akitangulia kutia konzi ya chembe za jana ziwe mbegu, basi zikakua nene kama sukari ya mawe, zikaachiana nafasi, maji yakashuka yenyewe. Bibi akawahi basi lake, kisha, anasema mwenyewe, akaanza kulichelewa makusudi.

Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1969 katika kanisa hili, wakajaliwa binti mmoja, mama yangu Birthe. Nyumbani kwao mtu wa haraka aliitwa sindano, nami nilipoacha shule mwaka jana babu aliniita hivyo, halafu akanimiminia kahawa, akanikatia keki.

Moyo wake ulianza kudhoofu Oktoba iliyopita, akafariki hospitalini Jumanne asubuhi, tarehe 4 Februari 2020, bibi akiwa bado njiani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu, na wazee wa kiwandani waliobeba jeneza. Babu, sasa poa taratibu, hakuna wa kukuharakisha.

Na wewe bibi, tangu Jumanne unasema ulichelewa, kwamba afadhali ungeliacha lile koti ukapanda naye gari la wagonjwa. Ulikuwa chumbani ukilitafuta, hukumsikia, ila mimi nilikuwa nimeshika mlango machela ya babu ikipita, naye akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Mwambie bibi yako asigeuke sindano. Chujio halikimbii."