Daraja la Nane la Mama Eluned

Ndugu waombolezaji, mimi ni Nest, mtoto wake wa kwanza, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Eluned Prosser, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa hapa Llandovery, mtoto wa tatu wa fundi seremala Gomer Beynon na mkewe Olwen.

Alisoma shule za mji huu, akaanza piano akiwa na miaka saba, akafaulu madaraja saba ya mtihani wa piano bila kuyumba, hadi tarehe 4 Desemba 1967, siku ya daraja la nane, la mwisho, alipoketi mbele ya mtahini na kuambiwa kuwa vipande vitatu alivyojifunza mwaka mzima ni vya silabasi ya zamani, kwani mwalimu wake hakununua kitabu kipya, na loo, akarudi nyumbani bila kugusa kinanda, aibu ile ikamkaa rohoni.

Tarehe 12 Juni 1974 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Emrys, wakajaliwa mimi na mdogo wangu Gethin, na kuanzia Septemba 1976 akafundisha piano sebuleni, mazoezi ya skeli kwanza, biskuti baadaye, na hakuna aliyekwenda mtihanini kabla ya kuulizwa, “Kitabu cha mwaka gani hicho? Hebu nione!” Wanafunzi 412, hakufeli hata mmoja. Gethin alizoea kumtania, “Mama, unawapeleka watu daraja la nane, mbona wewe huna?” naye alikuwa akijibu, “Kula, chakula kinapoa.”

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatujulisha kwamba anajiandikisha mtihani, tukambembeleza apumzike, wapi! Tarehe 21 Novemba aliketi kwenye foleni kati ya watoto wenye sare, vidole vimevimba kwa dawa, na mwanafunzi wake Cadi, mwenye miaka minane, akamwambia, “Usiogope, Mwalimu, mtahini haumi.”

Alipata alama 138 kati ya 150, ngazi ya juu kabisa ya ufaulu, akausoma waraka wa matokeo kitandani mara tatu, kisha akamgeukia Gethin, “Haya, sema tena!” Tulicheka hadi tukalia. Alifariki tarehe 6 Januari 2024, nyumbani, akiwa nasi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliovumilia skeli zikipenya ukutani miaka arobaini na saba. Cheti chake tumekiweka mikononi mwake, na kitabu cha mtihani juu ya jeneza, mwaka wake tumeuhakikisha mara mbili. Pumzika kwa amani, Mama, safari hii hakuna atakayekurudisha kwa kosa la kitabu.