Mwalimu, Fundi na Saa Kumi na Moja Jioni

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 25 Mei 2024, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ambayo sebule iligeuka karakana kila mvua iliponyesha. Baba yake alikuwa seremala wa madawati, mama yake mkulima. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka kwamba marehemu akiwa na miaka tisa aliwapangia ndugu zake zamu za kuteka maji, akaziandika kwa mkaa nyuma ya mlango. Zamu zilikuwa za haki, ila yeye alijiwekea siku alizodhani mvua itanyesha na mapipa yatajaa yenyewe. Alichapwa. Zamu zikabaki.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1954 hadi 1961, sekondari hadi 1965, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu Novemba 1967. Tarehe 8 Januari 1968 alifika katika mji huu kufundisha hesabu, akiwa na sanduku la bati na boksi la penseli za rangi. Muhula haukwisha kabla hajakabidhiwa ratiba ya shule nzima, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuwagawa walimu kumi na wanne katika madarasa kumi na mawili bila wawili kugongana mlangoni. Hesabu aliipaka nyekundu, lugha bluu, michezo manjano. Wanafunzi walimbatiza jina la Ratiba, naye akajifanya hamnazo.

Kwenye barabara ya shule palikuwa na duka la fundi cherehani, binti wa miaka ishirini na mmoja, mwenye maneno machache na macho makali. Mwalimu alimpelekea suruali iliyofumuka mfuko. Baada ya wiki akairudisha, mfuko uleule. Mara ya tatu binti yule aliugeuza mfuko nje, akauangalia kwenye mwanga, akamwambia, "Mwalimu, uzi huu haukufumuka, umekatwa kwa wembe. Ukitaka kukaa, kiti kile pale." Alikaa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Agosti 1970. Tangu siku hiyo mpaka mwisho hawakuitana majina yao: huyu Mwalimu, yule Fundi.

Mwaka ule ule Mwalimu alibandika ratiba ya nyumbani nyuma ya mlango wa jikoni. Kila siku, saa kumi na moja jioni, palikuwa na kisanduku cha kijani. Kijani ilikuwa rangi ya Fundi. Saa hiyo walifunga nyumba wakatembea hadi daraja la reli na kurudi. Mume alisimulia ugomvi wa walimu; mke alisimulia nani amenenepa na nani amekonda, maana anayeshika futi hafichwi kitu. Siku nyingine hawakusemezana mpaka wamefika nyumbani, na hiyo nayo ilikuwa raha.

Watoto walizaliwa 1973, 1978 na 1981. Kila Januari ilikuja na ratiba mpya, na kila Januari Fundi alisogea mlangoni, mtoto mgongoni, kutazama kijani imebaki wapi. Ilibaki siku nne, kisha mbili. Mwaka 1983, Mwalimu alipoteuliwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi, ilibaki Jumapili peke yake. Jumapili moja ya Oktoba 1986 Fundi alivaa viatu vyake vya kutokea, akasimama getini. Mwalimu alifika na walimu wawili na mafungu ya mitihani ya kusahihisha, akamwomba awatengenezee chai. Aliwatengenezea, viatu miguuni. Walipoondoka giza lilikuwa limeingia.

Ratiba ya 1987 haikuwa na kijani. Fundi alipouliza, Mwalimu alimjibu kwa nia njema kabisa, "Nikistaafu, saa zote ni zako."

"Nitaziweka wapi zote, Mwalimu?" Fundi aliuliza, akarudi kwenye sufuria.

Baadhi ya wanaukoo walishauri sehemu hii isisomwe leo. Fundi amekataa. Amesema marehemu alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwanafunzi aliyemwandikia jibu bila kuonyesha njia alimpa sifuri.

Tangu 1989 Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu, na wengi mliosimama hapa mmepita mikononi mwake. Mnajua mazuri yake kuliko yanavyoweza kuandikwa. Aliingia darasani akiwa na homa. Alijua jina la kila mtoto na la mzazi wake. Ni kweli pia kwamba mtu mmoja alikuwa akila chakula cha jioni peke yake, na sahani ya pili ikiwa imefunikwa. Mwaka 1992 mtu huyo alifungua darasa la ushonaji dukani kwake, kila siku saa kumi na moja jioni. Wasichana sita walivua viatu mlangoni, wakaketi kwenye vyerehani. Saa ile hakuiteua kwa bahati mbaya.

Mwalimu alistaafu tarehe 14 Machi 2006. Alikuwa amenunua raba mpya. Alichora ratiba yake ya mwisho, kijani kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, akaibandika pale pale. Fundi aliporudi aliisoma amesimama, mkoba ungali begani. Akachukua penseli, na katika kila kisanduku cha kijani akaandika: Nina wanafunzi. Mwalimu alimwomba angalau Jumapili. "Hukuniachia hata hiyo," alijibiwa. Hakuomba tena. Kwa miaka kumi na moja alitembea hadi darajani peke yake. Wenye maduka walipomtania kwamba amemficha wapi Mama, alisema yuko darasani.

Macho ya Fundi yalianza kuchoka, na Ijumaa tarehe 15 Desemba 2017 alilifunga darasa lake. Nyumbani hakusema. Jumatatu, saa kumi na moja, alikwenda dukani kama kawaida, akarudisha mlango, akakaa kati ya vyerehani vilivyofunikwa mpaka saa kumi na mbili na nusu. Alifanya hivyo wiki saba. Alitaka kuombwa mara moja tu, na asiwe yeye wa kuanza.

Jumatatu tarehe 5 Februari 2018, Mwalimu alianguka karibu na daraja. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, na maneno mengi. Kwa miaka sita mkewe alimwogesha, alimnyoa, alimlisha kwa kijiko, kila saa ya kila siku. Akimgeuza kitandani alikuwa akimwambia, "Sasa muda tunao, Mwalimu. Miguu ndiyo hatuna." Mwalimu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alifariki Jumatano tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi, Fundi akimbadilishia foronya.

Lipo jambo ambalo binti yao wa pili, anayesoma maneno haya, alilibeba tangu 2021. Siku moja ya mwaka ule baba yake alimweleza, neno kwa neno, kwa taabu, kwamba zile wiki saba alijua. Kila alipopita dukani aliona mlangoni hakuna viatu vya wasichana. Binti akamuuliza kwa nini hakugonga. "Nilidhani," alisema, akapumzika, "ndivyo anavyonikataa." Akaomba mama yake asiambiwe, asije akaumia.

Juzi, alipokuwa akiandika wasifu huu, binti huyo alimwambia. Fundi alikuwa akikunja mashuka. Alilikunja lile alilokuwa nalo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Alisimama?" aliuliza.

Binti alisema ndiyo, baba alisema kila siku alisimama kidogo.

"Nilimsikia," alisema Fundi. "Ile raba ya kulia ilikuwa inalia. Andika hivyo hivyo."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wanafunzi ambao yeye pekee ndiye angeweza kuwataja wote. Ratiba ya 2006 bado iko nyuma ya mlango wa jikoni. Mjane ameagiza isibanduliwe. Anaomba pia waombolezaji wawe wameondoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja, kwani saa hiyo atatoka kwenda darajani, na hahitaji kusindikizwa.

Mwenyezi Mungu ampumzishe Mwalimu kwa amani, mahali ambapo hakuna ratiba.