Mfungo wa Mama Anayenyonyesha

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana, na naomba mnivumilie kwa jambo moja: ushuhuda huu sitausema kwa upole. Nimejaribu miaka mingi kuusema kwa upole, na kila mara nimeishia kunyamaza. Leo nausema na hasira yake.

Nilifika Matungu, huko Kakamega, mwaka uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne, tumbo langu likiwa limeanza kuonekana. Tulitoka kwetu Turiani kwa lori mpaka Morogoro, tukapanda treni ya Mwanza, tukakaa sakafuni karibu na choo mpaka Tabora, ambako watu walishuka tukapata kiti. Mwanza tukachukua basi. Sirari tukavuka mpaka kwa miguu, mimi na godoro kichwani, mume wangu Makokha amebeba vyote vilivyobaki. Askari akaniuliza nakwenda kufanya nini Kenya. Nikasema nakwenda kwa mume wangu. Akamtazama Makokha kutoka juu mpaka chini, akasema, "Ni huyu?" Tulicheka mpaka Kisumu.

Makokha alikuwa amekuja kwetu kufanya kazi ya trekta kwenye mashamba ya miwa. Aliposikia kwamba kwao miwa imeshika kasi na kila mwenye trekta anatafuta dereva, akasema turudi. Mimi ni mtu wa barabarani, sikuhitaji kubembelezwa.

Nami sitadanganya, nilipapenda. Nimeishi Tabora, Kahama, Kigoma, na kwingine ambako sikumaliza hata msimu, lakini nikisikia harufu ya majani ya miwa yanayoungua, moyo wangu unakwenda Matungu. Mvua ilikuja mchana kama mgeni anayejua saa ya chakula. Watu walinunua baiskeli, walinunua mabati, walinunua redio kubwa. Kwa sababu nilisema Kiswahili cha kwetu, wakanipa jina la Redio. "Redio, hebu tusomee habari," walisema nikipita, na mimi niliwasomea habari za kutunga, wakacheka.

Lakini miwa ilikuwa imepandwa mpaka ukutani. Dirisha la jiko la mama mkwe ukilifungua, jani la muwa linaingia ndani. Palipokuwa na maharage, miwa. Palipokuwa na mboga, miwa. Muwa hukaa shambani zaidi ya mwaka kabla haujakatwa, na huwezi kuupika ukaula na wanao. Nimeona nyumba zenye bati linalong'aa na sufuria tupu. Yetu ilikuwa mojawapo.

Nilikuwa nimeokoka tangu shuleni, kwa hiyo nilitafuta kanisa. Lilikuwa la udongo, dogo, lenye kuimba vizuri. Kiongozi wa akina mama aliitwa Mama Truphena. Siku ya kwanza alinifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake, akasema, "Sasa una mama hapa." Nami mama yangu alikuwa mbali, kilomita nyingi mno. Nikamwamini kabisa.

Neema akazaliwa. Wiki za mwanzo alikuwa mtoto mtulivu. Kisha akaanza kulia, na hakuacha. Mama mkwe akasikiliza kilio kile, akasema, "Huyu analilia jina." Kwao mtoto mchanga akilia sana, huenda marehemu fulani wa ukoo anataka kuitwa kupitia kwake. Unamweka mtoto kwenye titi na kutaja majina ya waliokufa, na lile atakalonyamazia ndilo lake.

"Ni wewe, Nabwire?" mama akauliza. Neema akalia.

"Ni wewe, Nafula?" Neema akazidi.

"Huyu ni mkaidi," mama akasema. "Basi ni shangazi ya mzee. Alikuwanga hivi hivi."

Sikutaka mwanangu apewe jina kwa njia ile. Nikapeleka jambo kwa Mama Truphena. Macho yake yakawaka. "Umeona? Wafu wanamwita," akasema. "Hiyo ni kamba, na kamba inakatwa na mfungo. Wewe mama ukifunga, mtoto anafunguliwa."

Ukawa mfungo mkavu. Hakuna chakula, hakuna maji, tangu alfajiri mpaka maombi ya jioni, na jioni wakati mwingine nikaambiwa niunganishe mpaka kesho yake. Na nyumbani, ndugu zangu, hakuna aliyeshtuka. Katika nyumba isiyo na kitu, mtu anayefunga ni baraka.

Neema akalia zaidi. Mama Truphena akasema pepo anapiga mateke kwa sababu anatoka, ongeza. Nikaongeza. Kila alivyolia ndivyo walivyoniongezea. Walinizunguka wakaniwekea mikono, wanawake watu wazima, wote wamezaa, wote wamenyonyesha, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama maziwa yanatoka. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Wanaume wangekosa kujua, ningesamehe upesi. Wale walikuwa akina mama.

Makokha alirudi na masizi ya miwa usoni, akala kikiwepo cha kula, akalala. Nilipomwambia naishiwa nguvu, akasema, "Watii. Wao wanajua."

Ikafika mahali Neema hakulia tena. Alitoa sauti nyembamba kama ya paka, kisha hata hiyo ikapungua. Nepi zilikauka. Utosi wake ulibonyea. Kanisani wakasema, "Ameanza kutulia, Bwana ametenda." Nami nilimshukuru Mungu pamoja nao, mwanangu akiwa anakufa mgongoni mwangu.

Jirani yetu wa kuelekea kisimani alikuwa Mama Zuhura, mama wa Kiislamu. Yeye na mumewe waliuza samaki wakavu. Ilikuwa Ramadhani. Nilipita kwake mchana na ndoo, jua linanizungusha, nikamkuta amekaa mlangoni, mlango wazi, mtoto wake Juma kwenye titi, naye anakula ugali na mboga mbele ya watu wote.

Nikasimama. Nikamuuliza, "Mama Zuhura, si mnafunga?"

"Wenzangu wanafunga," akasema, bado anatafuna. "Mimi nanyonyesha. Sisi anayenyonyesha akihofia mtoto, anakula, atalipa siku ingine. Kwani Redio, wewe umekuwa mgonjwa? Mbona mdomo imepasuka hivyo?"

"Nimefunga."

"Na huyo mgongoni ako na umri gani?"

Nikamwambia. Akaacha kutafuna.

"Unafunga na kitoto kama hicho? Hata maji?"

"Hata maji."

"Wallahi." Akamtoa Juma kwenye titi, akamweka chini kwenye mkeka, Juma akapiga kelele za kudhulumiwa. "Leta huyo mtoto. Leta hapa. Kwani Mungu wenu hajui maziwa inatoka wapi?"

Alimpokea Neema, akamtia titi mdomoni. Mara ya kwanza Neema hakuwa na nguvu ya kuvuta. Mama Zuhura akamkamulia matone kwenye ulimi, polepole, huku akimsemesha. Kisha nikasikia anameza, na akameza tena. Ndugu zangu, nimesikia kwaya nyingi katika nchi mbili, sijasikia sauti nzuri kama ile.

"Nikiendelea kumnyonyesha hivi, huyu na Juma watakuwa ndugu," akaniambia. "Huko mbele wasituletee habari ya kuoana. Ndivyo dini yetu inasema." Akanisukumia sahani yake kwa mguu. "Kula."

Nikafumba macho.

"Unafanya nini?"

"Naomba."

"Omba, lakini haraka. Ugali inapoa."

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Hakunifungua mbele ya madhabahu. Alinifungua mlangoni kwa muuza samaki ambaye hasali kama mimi. Nilikula nikilia, na jambo moja likanijia waziwazi: Bwana alipomwinua yule binti aliyekuwa amekufa, alichoagiza baada ya hapo ni kwamba apewe chakula. Nilikuwa nimesikia habari hiyo tangu Jumapili za utotoni. Hakuna aliyewahi kunihubiria sehemu ile ya chakula.

Nikawa napita kwa Mama Zuhura kila siku. Nilikunywa uji wake, Neema akanyonya kwake na kwangu, mpaka maziwa yangu yakarudi yakamtosha. Mashavu yakajaa. Akaanza kucheka na kuku.

Jumapili moja Mama Truphena akamwona. Akamnyakua mikononi mwangu, akampandisha juu watu wamwone. "Mnamkumbuka huyu?" akasema. "Mfungo umekata kamba! Redio, njoo mbele, mpe Bwana utukufu."

Nikaenda mbele. Makokha alikuwa upande wa wanaume, amevaa koti. Nikamchukua mwanangu, nikasema, "Mtoto hakuwa na pepo. Hakuwa akililia jina pia. Alikuwa na njaa. Mlinikausha maziwa, mkamwita pepo kwa sababu ya njaa mliyompa nyinyi. Aliyemwokoa ni Mungu, kwa maziwa ya Mama Zuhura."

Kisha mama mmoja wa nyuma, ambaye naye alikuwa na kichanga, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo mimi nikule?"

"Kula," nikamwambia. "Kula leo."

Mama Truphena akaanzisha wimbo. Wakaimba kwa nguvu ili nisisikike, na Makokha akaimba pamoja nao, macho yake kwenye viatu. Nikatoka nje. Yule mama wa kichanga akatoka pia.

Nyumbani Makokha akasema, "Jumapili utasimama uombe msamaha."

"Sitaomba."

"Basi rudi kwenu mpaka upoe."

Sijapoa.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote. Akaja jikoni nilikokuwa nafunga nguo. "Kwa hivyo si jina?" akauliza.

"Si jina, mama."

"Na wewe mbona ulinyamaza? Ungesema uko na njaa ningeenda kukopa unga."

"Mama, mlipanda miwa mpaka mlangoni. Ningesema nini ambacho hukuwa unakiona?"

Akatoka, na baada ya muda nikasikia kuku analia. Akampika mzima, na obusuma, ugali wa kwao, na asubuhi akanifungia kwenye majani ya mgomba. Akanitolea firigisi peke yake, akaniwekea kiganjani. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamume. Mke haigusi. Makokha alikuwa amesimama palepale mlangoni, anatazama.

"Kula nikuone," mama akaniambia.

Nikaila yote mbele yao. Kisha nikamfunga Neema mgongoni, nikaenda barabarani, na sijarudi tena.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliye hai, kwa kuwa mwanangu ni mzima na leo anabishana nami kuhusu kila kitu. Wewe mama kijana uliye mbali na kwenu, unayesoma haya tumbo likiwa tupu na mtoto kifuani, kwa sababu mtu mwenye sauti kubwa amekuambia Mungu anataka hivyo: mtegemee Bwana, naye hakuonei wivu sahani yako. Inuka sasa hivi ukale. Mengine tutaomba ukishashiba.