Mistari ya Kilima cha Chole

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa Chole, Kisarawe, tunawasomea maisha ya mzee wetu Hemedi bin Matano, aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1907 huko Janga, Kibaha, akasoma Kurani chuoni, kisha shule ya Serikali kuanzia 1921 hadi 1924.

Januari 1929 aliajiriwa na wapima ardhi, akawa anashika mnyororo wa kupimia katika vilima na makorongo haya ya pwani, na ramani ilipochapishwa alipewa nakala. Ijumaa, tarehe 8 Julai 1932, alikuja nayo hapa kwa furaha, kumwonyesha Mzee Mwinjuma, aliyekwisha kukubali kumwoza binti yake Siwema. Mzee akaiona mistari iliyokizunguka kilima chake, penye mashamba na makaburi ya wazee wake, akauliza, "Hii kamba ya nani, mkwe?" Marehemu alieleza kwamba mistari huonyesha mwinuko tu, ikibanana ndipo penye mteremko mkali, lakini mzee akamjibu, "Mteremko naupanda kila siku, sijauona na kamba," na jioni ile posa ikarudishwa.

Tangu hapo aliitwa Bwana Kamba, salamu zake hazikuitikiwa, ikasemwa wazi kwamba ameuza kilima. Wapima walimtaka kambini, naye akajua kwamba akienda ataonekana amekimbia, hivyo aliacha kazi tarehe 30 Septemba, akamwendea mzee, akamwambia, "Nipe hapo ukingoni penye mawe nilime. Serikali ikija kuchukua, ianze na mimi." Mzee akampa, apate kumchunga kwa karibu.

Tarehe 19 Juni 1934 Mzungu mmoja na askari wawili walipanda kilima, wanaume wakatoka na mapanga, na marehemu, ambaye naye hakujua wageni wamefuata nini, akasimama katikati, akawauliza. Kumbe walikuwa wamepotea njia ya Janga, wakapewa maji, wakaelekezwa, wakashuka. Mzee Mwinjuma akaliweka panga chini, akasema, "Mkwe, twende nyumbani, hujala."

Alifunga ndoa na Siwema tarehe 3 Agosti 1934, wakajaliwa Mwishehe, mwaka 1936, Abeid, 1939, na Tatu, 1943. Machi mwaka huu alianza kuugua kifua, akalazwa Dar es Salaam, akaomba arudishwe nyumbani, na akafariki jana, Ijumaa, tarehe 8 Novemba 1957, alfajiri, Siwema akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapima ardhi wenzake waliofika leo, na majirani wote. Jana tulipokwenda kuomba tumzike hapa, maana kwao ni Janga, tuliwakuta wajukuu wa Mzee Mwinjuma wameshaanza kuchimba, kando ya wazee wao.

Pumzika kwa amani, Mzee Hemedi, uko kwenu.