Hatua Nane Kutoka kwa Mama

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu. Kabla sijaendelea, naomba wale waliosema Baba Rula amerudia pombe wanyooshe mikono. Hakuna? Basi leo kanisa zima ni la watakatifu. Wazee wangu, shikamooni.

Mchungaji ameniambia nisimame hapa mbele, kwenye sikukuu yetu hii ya mavuno, pembeni ya gunia langu la mbaazi, niseme lilivyopatikana. Nitasema. Lakini lazima nianzie mbali kidogo, maana ndani ya gunia hili kuna aibu yangu pia.

Jina langu la Rula mnajua lilikotoka. Nilikuwa nalima kwa maksai, na mistari yangu ilinyooka kuliko ya mtu yeyote kuanzia hapa Bonga mpaka Singe. Shamba letu liko kwenye mteremko. Nyumba iko juu, chini kabisa inapita barabara ya Dodoma. Nilikuwa nasimamisha maksai wangu juu kule, nachagua nguzo moja ya umeme barabarani, naikazia macho na kushuka nayo moja kwa moja. Madereva wa malori wakipita wanapiga honi. Mimi nilijua wanapigia mistari yangu. Huenda walikuwa wanapigia mbuzi, lakini nani angethubutu kuniambia?

Binti mmoja wa ugani alithubutu. Alikuja shambani, akanisalimia kwa heshima zote: "Shikamoo baba. Mistari ni mizuri, ila unayafungulia maji njia. Lima kwa kukatisha mteremko." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Wewe umeshawahi kushika plau?" Akasema hapana. Basi nikamkaribisha uji. Uji aliumaliza, maneno yake mimi nikayaacha kwenye kikombe.

Korongo lilianza chini karibu na barabara, dogo tu, hata kuku angeliruka. Nikalifukia. Masika iliyofuata likarudi, na likaanza kupanda. Msiolima mteremkoni mtashangaa, lakini korongo hupanda. Kila mvua kubwa inamega mdomo wake wa juu, linasogea. Na juu kule, pembeni ya nyumba, ndani ya ua wa minyaa, ndipo alipolala mama yangu.

Mama yule alilifungua shamba lile kwa jembe la mkono, baba akiwa ameshafariki, mdogo wetu wa mwisho akiwa mgongoni. Tulipokua tukamjengea chumba mjini, Maisaka, apumzike karibu na hospitali. Alilala siku mbili, akarudi. Akasema, "Mimi hapa shambani sihami, hata nikifa."

Mke wangu ndiye aliyeanza kupima. Masika ikiisha, anasimama kaburini, anahesabu hatua mpaka kwenye mdomo wa korongo. Mwaka wa kwanza ishirini na moja. Uliofuata kumi na nne. Ananitajia namba, haongezi neno, anarudi jikoni. Ndugu zangu, nawaambia, afadhali angenigombeza.

Zilipobaki nane, kaka yangu mkubwa aliitisha kikao. Akasema, "Rula, tumhamishe mama. Tumpeleke makaburi ya kanisa kabla maji hayajamchukua." Nikakataa. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Tunakupa masika moja. Likisogea tena, tunachimba." Mimi, mtu mzima, nililia mbele ya wadogo zangu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kusimama kaburini. Nikatazama chini, kwenye lile korongo, na kwa mara ya kwanza nikaliona vizuri. Lilikuwa limenyooka. Halikuwa na kona hata moja. Lilitoka kwa mama yangu likashuka mpaka kwenye nguzo ya umeme.

Niliujua mkono wangu. Ule mstari niliulima mimi.

Sasa, jirani yangu ni mama mjane, mtu wa milima ya Mbulu. Mteremko wake ni uleule, mvua ni ileile, na kwake hakuna korongo. Mara mbili nilikuwa nimejitolea kumlimia bure, maana matuta yake yalivyopinda yalikuwa yananiumiza macho nikipita. Mara zote mbili akakataa. Siku hiyo nikaenda mikono mitupu, nikamkuta anapepeta maharage.

"Umekuja na ng'ombe?" akaniuliza.

"Hapana mama. Nimekuja kujifunza."

Akapepeta mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Nilikuwa najiuliza kitakachotangulia kwisha ni shamba la mama yako au kiburi chako. Kesho lete fito tatu na kamba."

Tukazifunga zile fito kama herufi A, kamba ikashuka kutoka juu ikiwa na jiwe. Unaitembeza shambani. Jiwe likitulia katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja, hapo unachomeka kijiti. Na aliyekuwa amemfundisha jirani yangu kazi ile, kumbe ni yule binti wa ugani. Yule mama alimpa uji pia, tofauti ni kwamba yeye alimsikiliza.

Vijiti vikaenda vinapinda, vinalizunguka tumbo la mteremko. Nikafunga maksai, nikaanza kuvifuata. Ndugu zangu, maksai wangu walikuwa hawajui kona! Kila nikiwageuza wanataka kushuka kwenye nguzo yao. Siku nzima tunavutana. Vijana wa bodaboda wakasimama barabarani: "Oya Baba Rula, leo umepiga ngapi?" Habari zikafika hapa kanisani. Jioni mzee wetu mmoja wa kanisa akaja kwangu na Biblia. Yupo hapa, anajificha nyuma ya kwaya. Akaomba sana, na katika maombi akaikemea roho ya ulevi. Nikaitikia amina, kisha nikamwonyesha zile fito. Kwa haki yake niseme, kesho yake alirudi akiwa na jembe.

Tukajenga matuta, tukapanda majani ya tembo juu yake. Kati ya mahindi nikaweka mbaazi. Mabua sikuchoma, niliyatandaza. Ndani ya korongo tukapanga mawe na mkonge.

Masika ikaja, na siku hizi mnaijua, inachelewa halafu inamwaga yote kwa mkupuo. Nilisimama mvuani nikiangalia. Maji yalifika tuta la kwanza yakasimama, yakazama. Tuta la tatu likapasuka. Mimi na mke wangu tukalirudishia kwa majembe, tumelowa mpaka mifupa.

Mvua zilipokatika kaka zangu walikuja. Kaka mkubwa akapima mwenyewe. Akasimama kwenye mdomo wa korongo akasema, "Saba." Mke wangu akavua ndala. "Shemeji," akasema, "hiyo miguu yako ni ya twiga. Tulianza na yangu, tumalize na yangu." Akatembea polepole, sote tukihesabu kwa sauti. Nane.

Mwaka huohuo jua lilipowaka mapema, mahindi yangu yalibaki kijani wakati ya wengine yamejikunja. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno kidogo, Mungu anisamehe. Sasa wananiita Baba Nyoka, na walionicheka wanakuja kuazima fremu yangu ile ya fito.

Namshukuru yule mama jirani. Namshukuru binti wa ugani, nimeshamwomba radhi na uji nimempa tena. Namshukuru mzee wa kanisa na jembe lake. Mke wangu, nakushukuru kwa kila namba uliyonitajia.

Na ninyi mliokuwa mkinipa mashamba ya mteremkoni niwanyooshee, naomba radhi mbele ya madhabahu hii. Nitapita kwenu mmoja mmoja, niyalime upya, bure. Neno langu kwenu ni hili tu: kile mnachosifiwa nacho, mkitazame mvua inaponyesha. Mimi nilisifiwa miaka, na sifa zile nusura zimtoe mama yangu ardhini.

Hii ni masika ya nne imepita. Asubuhi hii mke wangu alishavaa viatu vyake vya kanisani. Akavivua, akaenda kaburini, akapima.

Nane. Mama hajahama.